Kura ya kijiji huamuliwa siku ya fomu

Januari 1958 wajumbe wa TANU walikutana hapa Tabora kubishana juu ya karatasi ya kura. Serikali ya kikoloni ilikuwa imeandaa uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria ambao ulimtaka kila mpiga kura achague watu watatu: Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Haki ya kupiga kura yenyewe ilikuwa ya wenye elimu, kipato au wadhifa wa kiwango kilichowekwa. Wengi ukumbini walitaka chama kisusie. Mwalimu Nyerere akawashawishi waingie, baadhi wakatoka wamenuna, Zuberi Mtemvu akajiondoa na kuanzisha chama chake, na azimio likabaki kwenye historia kwa jina la Uamuzi wa Busara.

Kila mara tunausimulia kama habari ya hekima ya Mwalimu, na ni kweli. Mimi huwa nausoma pia kama habari ya kanuni za uchaguzi. Kura tatu zilitungwa kwa hesabu ya kukibeba chama cha UTP (United Tanganyika Party), kilichokuwa kipenzi cha Gavana Twining. TANU ikaisoma kanuni ile hadi ndani, ikaona kwamba mpiga kura Mwafrika ndiye atakayeamua pia Mwasia yupi na Mzungu yupi apite, ikawaunga mkono akina Amir Jamal na Derek Bryceson, na kufikia Februari 1959 wagombea wake pamoja na iliowaunga mkono walikuwa wamezoa viti. Kanuni ya kura si jambo la makarani. Aliyeielewa vizuri kuliko aliyeitunga ndiye aliyeshinda.

Nimeanza huko makusudi, kwa sababu kila hoja ya kubadilisha namna tunavyowachagua viongozi wa vijiji na mitaa inapofika kijiweni pale Ng'ambo au Isevya, jibu la kwanza ni lile lile: watu wetu hawataelewa. Babu zetu waliweka alama tatu kwenye uchaguzi mmoja miaka zaidi ya 60 iliyopita.

Hoja yenyewe ina sehemu mbili. Ya kwanza ni mchujo wa wazi. Badala ya kila chama kujifungia na kututolea mtu wake, watia nia wote wa kiti kimoja wanawekwa kwenye karatasi moja, wapiga kura wote wa eneo lile wanawapigia, na walioongoza, tuseme wanne, ndio wanaokwenda kwenye uchaguzi wenyewe. Ya pili ni kura ya kupanga. Siku ya uchaguzi humwekei alama mmoja ukaondoka. Unapanga nani awe wako wa kwanza, nani wa pili, nani wa tatu. Asipopatikana aliyevuka nusu, wa mkiani anaondolewa na kura zake zinahamia kwa wale waliopangwa wa pili kwenye karatasi hizo, na hesabu inaendelea hivyo mpaka mmoja avuke.

Marekani wanaopigia debe mambo haya huyauza kama mapacha. Kwa hapa kwetu sidhani kama yana uzito sawa. Kura ya kupanga bila mchujo wa wazi haitamsaidia kitu mtu wa Uyui wala wa Sikonge, kwa sababu kura ya kijiji chake huwa imeshaamuliwa wiki kadhaa kabla ya kupigwa.

Tazama uchaguzi wa serikali za mitaa wa 2019. Vyama vikuu vya upinzani vilijitoa baada ya wagombea wao wengi kuenguliwa kwenye hatua ya fomu, na CCM ikatangazwa kutwaa zaidi ya asilimia 99 ya viti vya vijiji, vitongoji na mitaa. Tarehe 27 Novemba 2024 upinzani ulirudi, ukalalamikia tena wagombea wake kuenguliwa, na CCM ikatangazwa kutwaa zaidi ya asilimia 98. Mtu akija kukuambia kwamba tatizo la matokeo ya namna hiyo ni wapinzani kugawana kura, muulize ni kura zipi walizogawana. Penye jina moja hakuna cha kupanga. Kanuni za 2024 ziliondoa ile habari ya kupita bila kupingwa, mgombea pekee akawa anapigiwa ndiyo au hapana. Ni afadhali kidogo. Wazee wetu walimpigia Rais kura ya ndiyo au hapana kuanzia 1965 hadi 1990, na wanajua "hapana" ilikuwa na nguvu kiasi gani.

Ukitaka kuona uchaguzi wa kijiji unapoamuliwa, usiende kituoni siku ya kura. Nenda ofisini siku majina yanapobandikwa. Karatasi imegandishwa ukutani, watu wamejazana mbele yake, kidole kinateremka jina baada ya jina. Huyu kateuliwa. Yule hakuteuliwa, na sababu ni mstari mmoja: fomu haikujazwa ipasavyo. Mwenye jina anasoma mara mbili, anamuuliza jirani amsomee, halafu anaanza kutafuta nani wa kumwandikia rufaa, na saa zinamwishia. Maamuzi hayo yanafanywa na wasimamizi wasaidizi ambao ni watumishi wa umma, chini ya kanuni zinazotungwa na waziri wa TAMISEMI, yaani mwenye dhamana ya serikali za mitaa, ambaye naye ni mbunge wa chama kinachoshindana.

Hapo ni mlango wa pili. Mlango wa kwanza umekwishapitwa nyuma yake, ndani ya chama, kwenye kura za maoni za kumpata mgombea wake.

Huku Tabora, kwenye vijiji vingi, anayeshinda kura za maoni za CCM ndiye mwenyekiti. Yaliyobaki ni kumtangaza. Kwa hiyo uchaguzi wa kweli ni ule ambao mwenye kadi tu ndiye anaruhusiwa kuupiga. Mkulima asiye na chama chochote, na hao ni wengi kuliko tunavyokiri, anatawaliwa miaka mitano na mtu aliyechaguliwa kwenye kikao ambacho yeye hakualikwa. Mtu huyo si mdogo. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 halmashauri ya kijiji ndiyo inayosimamia ardhi ya kijiji, na mwenyekiti ndiye anayeiongoza. Nenda Kaliua uone maana yake: shamba la tumbaku hapa, ng'ombe wa mgeni pale, mpaka wa hifadhi ya msitu kule, na katikati yupo mwenyekiti mwenye muhuri. Mjini ni barua. Mara nyingi huwezi kuchukua mkopo, kumdhamini ndugu yako polisi wala kufungua akaunti bila barua ya serikali ya mtaa.

Na hizo kura za maoni hazikuwa hivi siku zote. Mwaka 1965, tukiwa na chama kimoja, TANU ilipeleka kwa wananchi majina mawili kwa karibu kila jimbo, mmoja na alama ya jembe, mwingine na alama ya nyumba, na wote wawili wakazunguka pamoja kwenye mikutano ile ile ya kampeni. Wananchi wakamwangusha waziri wa fedha, Paul Bomani, kule Mwanza. Ule haukuwa mchujo wa wazi, maana Halmashauri Kuu ndiyo iliyochagua majina mawili ya mwisho. Lakini aliyekata shauri kati ya wana TANU wawili alikuwa mpiga kura wa kawaida, mwenye kadi na asiye na kadi. Chama kimoja kiliruhusu jambo ambalo vyama vingi vimelifunga. Sijawahi kupata maelezo ya kuridhisha ya hilo.

Baadaye tumeona mlango ukifunguliwa na kufungwa. Mwaka 2010 CCM iliwapa wanachama wake wote haki ya kupiga kura za maoni za ubunge na udiwani. Mwaka 2020 ikazirudisha kwa wajumbe wa mkutano mkuu, na nchi nzima ikapata utani wake kwamba wajumbe si watu. Jimbo la Kawe, Dar es Salaam, lilikuwa na watia nia zaidi ya 100. Aliyeongoza alipata kura 101, wa pili 85, wa tatu, Josephat Gwajima, 79, na vikao vya juu vikampitisha huyo wa tatu. Mwaka 2025 idadi ya wajumbe ikapanuliwa tena. Chama kinachobadilisha kanuni zake kila uchaguzi kinajua kwamba kuna tatizo. Kinachokataa ni kuwaachia watu wengine walitatue.

Sasa Alaska, jimbo la Marekani ambako mambo haya mawili yamefungwa pamoja. Wananchi wa jimbo lile waliupitisha utaratibu huo wenyewe kwa kura mwaka 2020. Juni 2022, kujaza kiti cha mbunge aliyefariki, karatasi ya mchujo ilikuwa na majina 48. Wote pamoja, vyama vyote na wasio na chama, na kila mpiga kura akiweka alama moja. Wanne wa juu wakapita, mmoja akajitoa, na Agosti watu wakapanga waliobaki: Mary Peltola wa Democrats alipata asilimia 40 ya nafasi za kwanza, Sarah Palin wa Republicans 31, Nick Begich, naye wa Republicans, 28 na ushee. Begich akaondolewa. Kwa hesabu za kichwani ungesema kura zake zote zinakwenda kwa Palin, ni chama kimoja. Hazikwenda. Wengine walimpanga Peltola wa pili, wengine hawakumpanga mtu, na Peltola akashinda kwa asilimia 51 na nusu.

Mfano unaonigusa zaidi kwa hali yetu ni wa seneta wa jimbo hilo hilo, Lisa Murkowski. Mwaka 2010 chama chake kilimwangusha kwenye kura zake za ndani. Akaingia uchaguzi mkuu bila jina lake kuchapishwa kwenye karatasi, wapiga kura wakaliandika kwa mkono, akashinda. Mwaka 2022 chama kilishampa karipio rasmi na kumuunga mkono mpinzani wake, lakini safari hii hapakuwa tena na kikao cha chama cha kumzuia: akapita kwenye mchujo wa wazi, akashinda kwa kura za kupangwa. Hapa Tabora kila kata ina Murkowski wake, mtu ambaye wananchi wanamtaka na wajumbe hawamtaki. Wetu huishia kununa, au kuhamia chama kingine wiki mbili kabla ya fomu na kuenguliwa huko.

Kuna pingamizi la haki hapa. Chama kina haki ya kumchagua mgombea wake bila watu wa nje kuingilia. Mahakama Kuu ya Marekani ilisema hivyo mwaka 2000 ilipofuta utaratibu wa California wa kuwaruhusu watu wote wapige kura za ndani za chama chochote. Lakini mwaka 2008 mahakama hiyo hiyo iliukubali utaratibu wa jimbo la Washington, ambao mchujo wake si wa chama. Mgombea anaandika chama anachokipenda, kama unavyoandika dini yako kwenye fomu, na chama kinabaki huru kutangaza nani kinamuunga mkono. CCM ingeweza kuendelea kufanya vikao vyake na kusema, mtu wetu ni huyu. Isichoweza tu ni kuwaondoa wengine kwenye karatasi.

Siri ya kura nayo isichezewe. Nikisema mchujo wa kijiji utafanywa na wakazi wote, najua kuna mtu ameshaanza kufikiria mkutano chini ya mwembe, watu wanyooshe mikono. Hapana. Wakenya walishapita huko mwaka 1988, kwenye mlolongo: wapiga kura walijipanga nyuma ya wagombea, foleni fupi ikatangazwa ndefu, na aliyepata asilimia 70 akahesabiwa amepita bila kupingwa. Mwenyekiti anayegawa ardhi hawezi kuchaguliwa na watu anaowaona wamesimama nyuma ya nani. Karatasi na sanduku, hata kwa wapiga kura mia mbili.

Tuseme basi mchujo umefanyika na wanne wamebaki. Hapo kura ya kupanga inaanza kuwa na kazi, na nataka niipige hesabu yake kwa mfano wa kubuni, kijiji cha kura 400. Mgombea wa kwanza, mtu wa ukoo mkubwa, anapata 150. Wa pili, mwalimu mstaafu, 110. Wa tatu, anayeungwa mkono na wafugaji waliohamia, 90. Wa nne, kijana wa bodaboda, 50. Kwa utaratibu wa sasa tunamtangaza mwenye 150 na kwenda kulala, ingawa watu 250 walimtaka mwingine. Kwa kupanga, kijana anaondoka. Kura zake 50 zinafunguliwa: 30 zimempanga wa pili yule wa wafugaji, 15 mwalimu, 5 mtu wa ukoo. Sasa ni 155, 125 na 120. Wa wafugaji anaondoka kwa tofauti ya kura 5. Kura zake 120: mwalimu anachukua 75, mtu wa ukoo 25, na 20 hazikumpanga mtu mwingine. Mwalimu 200, mtu wa ukoo 180.

Mwalimu ameshinda. Lakini hesabu tena: 200 si zaidi ya nusu ya 400, ni nusu kamili. Kavuka nusu ya zile 380 zilizobakia mezani. Wapenzi wa mfumo huu hupenda kusema kwamba mshindi lazima awe na wengi. Usemi huo una tundu, na tundu ni zile kura 20 zilizoishia njiani. Tofauti ile ya kura 5 nayo inasumbua. Angeondoka mwalimu badala ya mfugaji, huenda hesabu ingekwenda pengine kabisa. Burlington, mji wa Vermont, ulipata mkasa wa aina hiyo mwaka 2009: aliyeondolewa kati ndiye ambaye angewashinda wenzake wote mmoja mmoja, watu wakakasirika, mwaka uliofuata wakaufuta mfumo. Waliochambua kura za Alaska wanasema hata Begich alikuwa hivyo. Kwa hiyo sipigi debe la muujiza. Nasema tu kwamba mwalimu mwenye 200 anaweza kusuluhisha mgogoro wa malisho kwa namna ambayo mtu wa ukoo mwenye 150 hawezi, kwa sababu baadhi ya wafugaji wamo ndani ya kura zake, na yeye anajua wamo.

Na pengine kupanga hakubadilishi kitu. Igunga, mkoani kwetu, Oktoba 2011, baada ya Rostam Aziz kujiuzulu ubunge: Dk. Dalaly Kafumu wa CCM kura 26,484, Joseph Kashindye wa CHADEMA 23,260, Leopold Mahona wa CUF 2,104, na wengine watano mamia machache. Watu bado wanabishana kwamba CUF na CHADEMA wangeungana wangeshinda. Jumlisheni. Kafumu alikuwa tayari na zaidi ya nusu ya kura halali, kidogo tu, lakini nusu imevukwa. Hata kama kura zote za Mahona na za wale watano zingemwendea Kashindye, asingefika. Kilichoiumiza Igunga ni kwamba theluthi mbili hivi ya walioandikishwa hawakufika vituoni.

Pale ambapo kupanga kungeokoa muda wa watu ni kwenye mazungumzo ya kuachiana maeneo. Mnakumbuka UKAWA, ule umoja wa vyama vya upinzani. Kuanzia serikali za mitaa za 2014 hadi uchaguzi mkuu wa 2015 vyama vinne vilihangaika nani amwachie nani, na majimbo kadhaa yakaishia na wagombea wawili wa umoja ule ule wakitazamana kwa hasira. Wapiga kura wakiruhusiwa kupanga, CUF anasimama, CHADEMA anasimama, kila mmoja anawaambia watu wake: mimi wa kwanza, mwenzangu wa pili. New York walifanya hivyo hivyo kwenye kura za ndani za Democrats Juni 2025, pale Zohran Mamdani na Brad Lander walipoombeana nafasi ya pili hadharani. Ukihitaji nafasi ya pili kwa wafuasi wa jirani yako, unachunga mdomo wako jukwaani. Kwa kampeni zetu hiyo peke yake ingekuwa nafuu.

Turudi kwenye "hawataelewa". Papua New Guinea ina vijiji visivyofikika kwa gari, lugha mamia, na wagombea makumi kwenye jimbo moja. Walikuwa na utaratibu kama wetu, wakawa wanapata wabunge waliochaguliwa na sehemu ndogo mno ya wapiga kura, wakahamia kura ya kupanga watatu, iliyotumika nchi nzima kuanzia 2007. Uchaguzi wao una vurugu, sitawapamba, na kuhesabu kunachukua wiki. Ila kinachowashinda si kupanga majina matatu. Mkulima wa Urambo anapanga majani ya tumbaku kwa madaraja kwa makumi, na akikosea daraja anakosa ada ya mtoto. Huyo hatashindwa kusema nani wa kwanza na nani wa pili. Karatasi iwe na safu tatu, kila safu alama ya vema moja, picha za wagombea pembeni. Asiyetaka kupanga aweke vema moja, kura yake ni halali.

Wiki za kuhesabu nazo ni tatizo la maeneo makubwa. Kwenye kura ya kupanga huwezi kumaliza kila kituo kivyake, maana lazima ujue nani wa mkiani kwenye eneo zima ndipo uhamishe. Jimbo lenye vituo mamia linahitaji kukusanya karatasi zote au kutegemea kompyuta, na kompyuta nayo ina yake: Juni 2021 wasimamizi wa New York walichanganya kura za majaribio kama 135,000 kwenye matokeo ya umeya, wakalazimika kuyafuta na kutangaza upya. Kitongoji hakina balaa hilo. Kura mia tatu zinamwagwa kwenye meza moja, darasani, mawakala wote wamezunguka. Unazipanga mafungu manne, fungu dogo linafunguliwa karatasi moja moja na kusomwa kwa sauti, kila moja inakwenda kwenye fungu jipya mbele ya macho ya watu. Kabla taa haijaisha chaji mshindi anajulikana. Ndiyo maana nasema kama kuna mahali mfumo huu unaifaa Tanzania, ni chini kabisa, si bungeni.

Kwenye halmashauri ya kijiji yenyewe, wajumbe wake 15 hadi 25, kupanga kungefaa hata zaidi, kwa sababu viti vingi vikijazwa kwa kura za kupangwa wachache nao hupata chao. Waireland wanawachagua wabunge wao hivyo. Hilo lina hesabu ndefu, nitaliacha kwa siku nyingine.

Baada ya uchaguzi mkuu wa 29 Oktoba 2025 najua wasomaji wengi hawana hamu na mazungumzo haya. CHADEMA haikuwemo kwenye uchaguzi ule, mgombea urais wa ACT-Wazalendo alienguliwa, intaneti ilizimwa, watu walikufa. Kijana aliyemzika rafiki yake ukimletea habari za mafungu manne ya karatasi anaweza kukuona una dharau, na sina jibu la kumtuliza. Ninachoweza kusema ni kwamba madai ya katiba mpya na tume huru ya kweli yanahusu kilele, na yatachukua muda wake. Huku chini kufuli ni jepesi zaidi. Katiba, ibara ya 39 na ya 67, inamtaka Rais na mbunge wawe wanachama wa chama na wapendekezwe nacho. Haimtaji mwenyekiti wa kijiji. Yeye amefungwa na sheria za kawaida na kanuni za waziri. Mchungaji Mtikila, mwanasiasa wa upinzani, alipigania mgombea binafsi, yaani asiye na chama, kuanzia 1993; Mahakama ya Rufani ikasema mwaka 2010 kwamba hilo si lake kuamua, mahakama ya Afrika pale Arusha ikampa haki Juni 2013, na bado hakuna kilichobadilika kwa wabunge. Kwa kijiji, kumruhusu asiye na chama asimame na kuweka mchujo wa wazi kunataka muswada wa kawaida na wingi wa kawaida wa kura bungeni.

Wingi huo anao CCM, na hapo ndipo marafiki zangu hucheka. Nani aukate mti alioukalia? Lakini ndani ya CCM yenyewe kila kura za maoni zinazalisha mshindi mmoja na wenye kinyongo kadhaa, watu wenye kadi, wenye wafuasi, wanaoamini wangeshinda kama wananchi wote wangeulizwa. Baadhi yao wanajidanganya. Wengine wana haki. Hao kwa idadi ni wengi kuliko wapinzani wote waliopo Tabora, wanaingia vikao ambavyo mpinzani haingii, na hawahitaji kukiasi chama kusema wanachotaka: kile kilichofanyika 1965 kwa jembe na nyumba, kikiwa na majina manne badala ya mawili, na bila kikao cha juu kuchagua nani aingie. Uchaguzi ujao wa vijiji na mitaa kwa kalenda ni 2029. Kanuni zake zitaandikwa mapema kuliko hapo, na kwa kawaida zikishachapishwa kwenye Gazeti la Serikali mjadala umekwisha. Aliyeshindwa kura za maoni 2024 kwa hila, na bado anasimulia kila jioni, ana muda wa kulipeleka jambo hili kwenye mkutano wa tawi lake kabla hizo kanuni hazijaandikwa.